Brutus anaandika taarifa kwa umma

Taarifa ya kuomba radhi iliyonirudisha kwenye Juliasi Kaizari niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na sentensi tatu. Nilikuwa kijana wa chumba cha habari kwenye kituo kimoja cha redio mkoani kwetu Mara, na siku moja kabla tulikuwa tumemwita mtu mwizi wa ng'ombe hewani. Hakuwa mwizi.

Anayeijua Mara anajua uzito wa maneno hayo. Ng'ombe kwetu ni mahari, ni ada ya shule, ni akiba ya siku mbaya, na watu wamemwaga damu kwa ajili yake. Mtuhumiwa halisi alikuwa wa upande wa Butiama. Majina yake mawili yalifanana na ya mzee mmoja wa upande wa Bunda, mfugaji anayefahamika mnadani. Mmoja wetu, akidhani anaongeza usahihi, akaongeza na kijiji, na kijiji chenyewe kikawa cha yule wa Bunda. Habari ikasomwa saa 1 asubuhi, ikarudiwa saa 7 mchana.

Kesho yake simu zilipoanza kuingia, bosi akaniita. "Andika kitu kifupi," akasema, "kisituvue nguo." Nikaandika hivi: "Katika taarifa yetu ya habari ya jana kulijitokeza hitilafu katika utajaji wa majina. Uongozi unaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika na kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tunawathamini sana wasikilizaji wetu." Ikasomwa saa 5 usiku, kabla ya muziki wa kulalia. Bosi alinipigapiga begani. Alisema nina kipaji.

Siku mbili baadaye mzee akaja. Alikuwa ametoka Bunda na gari la asubuhi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, baba."

"Mliponituhumu mlisoma jina langu, na la baba yangu, na kijiji changu. Mlipoomba radhi, jina mmelisahau?"

Sikuwa na jibu. Nilimletea kiti, na baadaye nitaeleza alivyokitumia kile kiti. Kwanza nataka tuzungumze kuhusu kitabu, maana swali la mzee yule ni swali la uhakiki wa maandishi kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Juliasi Kaizari ni tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanzia shule Mwisenge, hapa hapa Musoma. Wengi tunakichukulia kama kitabu cha usaliti na mapinduzi, na ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nasema ukurasa bora kabisa wa Kiswahili kuhusu wakuu wa vyombo vya habari wakati wa kashfa umo mle ndani, ingawa hakuna redio wala gazeti humo. Ni sehemu ya tatu, onyesho la pili, pale Brutus anapopanda jukwaani kueleza kwa nini Kaizari amekufa.

Hebu likumbuke onyesho lenyewe. Damu bado mbichi. Umma unadai maelezo. Brutus, mtu anayeheshimika kuliko wenzake wote, anazungumza kwa utulivu. Shakespeare amempa nathari, si mashairi: sentensi fupi zilizopimwa, kila upande ukilingana na mwenzake. Anasema alimpenda marehemu, ila aliipenda Roma zaidi. Kisha anafanya jambo ambalo kila afisa uhusiano wa leo analifahamu: anauliza kama yupo mtu yeyote duni kiasi cha kutaka kuwa mtumwa, maana huyo tu ndiye aliyekosewa, na kama yupo ajitokeze aseme. Ajitokeze nani sasa? Nani atakayenyoosha mkono akiri kwamba yeye ni duni? Umati unajibu kwamba hakuna, na Brutus anahitimisha kwamba basi hajamkosea mtu. Watu wanashangilia. Anaondoka zake.

"Kwa yeyote aliyekwazika." Nilipoisoma sehemu ile tena nilisikia aibu ya kitoto, kama mtu aliyeiba mtihani halafu akagundua hata jibu lenyewe aliloiba halikuwa zuri. Radhi yenye "iwapo" haikiri kitu. Inamgeuzia kibao aliyeumizwa: thibitisha kwanza kwamba wewe ni mwepesi wa kukwazika, ndipo tuzungumze.

Na tuangalie vitenzi, maana Kiswahili kina utajiri hapa ambao kama hatuko macho tunautumia vibaya. Mtu anaweza kusema "tulikosea." Anaweza kusema "kosa lilifanyika," mtendaji akatoweka. Halafu ipo hii yetu ya ofisini, "kosa lilijitokeza." Hebu isikilize hiyo "ji." Kosa limejitoa lenyewe, kama uyoga baada ya mvua, hakuna aliyelipanda. Na "usumbufu" je? Ni neno lile lile tunalolisikia umeme ukikatika au maji yakiwa hayatoki. Mzee wa Bunda mnadani watu walikuwa wanamkwepa, hakuna anayetaka kununua ng'ombe wake, na sisi tunazungumza kana kwamba balbu imezimika.

Kinachouma ni kwamba hii ni kazi yetu. Siku ya kwanza chumba cha habari mtu hufundishwa nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Afisa wa kata akituletea taarifa isiyosema nani alikula fedha za zahanati, tunamcheka. Lakini kosa likiwa letu, tunavifuta vile vijineno kimoja kimoja mpaka inabaki karatasi safi yenye nembo. Hakuna anayejua kuficha habari vizuri kama anayejua kuiandika.

Sisemi wakuu wetu ni waongo. Brutus si mwongo, na ndiyo maana onyesho lile linatisha. Anaamini kila neno analosema. Bosi wangu pia alikuwa mtu mwadilifu, anayelipa mishahara kwa wakati, asiyekunywa chai ya mtu. Tatizo liko kwingine: taarifa ya radhi ina msomaji wake, na mara nyingi msomaji huyo si aliyejeruhiwa.

Chukua mfano wa Nairobi, Machi 2021. Watangazaji 3 wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walizungumzia kesi ya msichana aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 ya jengo la katikati ya jiji. Alinusurika na majeraha. Badala ya kuuliza nani alimsukuma, hewani wakawalaumu wanawake kwa kujirahisisha. Mitandao ikawaka. Kwanza watangazaji wakasimamishwa. Kampuni ya bia ya EABL ikatangaza kuondoa matangazo yake. Wakafukuzwa. Mkuu wa Radio Africa Group, Patrick Quarcoo, akaomba radhi, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakifungia kipindi kwa miezi 6 na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni 1 za Kenya.

Kwa haki kabisa, uongozi ule ulifanya zaidi ya wengi: uliomba radhi haraka, ukachukua hatua. Lakini ukitazama mfuatano wa mambo unaona kamba ilikuwa mkononi mwa nani. Na ukishafukuza watu watatu, swali linabaki mezani: kipindi cha utani wa namna ile kilikuwa kimepewa saa za asubuhi, saa zenye wasikilizaji wengi na matangazo mengi. Nani alikipa? Hilo mtu haliulizi kwenye radhi. Anayeondolewa ni aliyeshika maikrofoni, si aliyeamua maikrofoni iwe pale.

Kwetu Tanzania kamba iko mkono mwingine. Mwishoni mwa Agosti 2020, kuelekea uchaguzi mkuu, TCRA ilivifungia Clouds TV na Clouds FM kwa siku 7 kwa kutangaza habari za wagombea waliopita bila kupingwa ambazo Tume ya Uchaguzi haikuwa imezithibitisha. Kabla ya kuzimwa, vilitakiwa viombe radhi hewani. Msomaji unaweza kuwa na maoni yako kuhusu adhabu ile, na mimi ninayo yangu. Hapa nataka tuone jambo moja tu: radhi inapokuwa sehemu ya hukumu, inaelekezwa juu, kwa mwenye leseni. Mkurugenzi anayejua kwamba sentensi moja inaweza kuwaweka wafanyakazi 100 nyumbani, hawezi kulaumiwa sana akiandika kwa mkono unaotetemeka. Lakini mkono ule ukizoea kutetemeka, unatetemeka hata pale anapotakiwa kumwandikia mzee mmoja wa Bunda, mtu asiye na leseni ya kufuta wala tangazo la kuondoa.

Kwa hiyo radhi ina milango mitatu: wa mwenye leseni, wa mwenye matangazo, na wa mwenye jeraha. Miwili ya kwanza ikigongwa, ofisi nzima inakimbia. Wa tatu una mlinzi anayeuliza, "Una miadi?"

Kuna anayebisha, na hoja zake si nyepesi, kwa hiyo nisimruke. Bosi wangu alinipa mbili. Ya kwanza: ukikiri kwa jina umejifunga mahakamani. Ya pili: ukilitaja jina tena, unaisambaza tuhuma kwa waliokuwa hawajaisikia. Na angeweza kuongeza ya tatu, kwamba umma wenyewe si hakimu wa kuaminika. Hapo Shakespeare angemuunga mkono, maana baada ya Brutus anapanda Antony.

Antony anafanya kinyume cha kila alichofanya Brutus. Anauleta mwili. Analionyesha vazi la marehemu na kulitaja kila tundu na mkono uliolitoboa: hapa fulani, hapa fulani. Analeta na wosia. Ndiye mtandao wa kijamii kabla ya mtandao: ana ushahidi, ana picha, ana machozi, na ana lake jambo moyoni. Umati ule ule uliomshangilia Brutus dakika chache zilizopita unatoka na mienge. Ukitaka kujua kwa nini taarifa ya Brutus ilishindwa, jibu ni rahisi: aliuacha mwili nje ya maelezo yake, akamwachia mwingine auingize. Kashfa ya habari huenda hivyo hivyo. Jeraha usilolitaja wewe, atalitaja mwenzako, kwa namna anayoitaka yeye.

Lakini usomaji wangu hauishii kwa Antony. Onyesho linalofuata ni fupi, na shuleni huwa tunaliruka. Cinna, mshairi, anatembea barabarani. Umati unamuuliza jina. Anasema Cinna. Mmoja wa waliomuua Kaizari anaitwa Cinna pia. Mtu wa watu anajitetea: mimi ni Cinna yule mwingine, mtunga mashairi. Haimsaidii. Wanamrarua.

Niliposoma pale nilikifunga kitabu. Cinna wawili: mmoja wa Butiama, mmoja wa Bunda.

Cinna hakufa kwa sababu jina lake lilitajwa mno. Alikufa kwa sababu hakuna mwenye sauti kubwa aliyesimama mapema kusema, jamani, huyu ni mwingine. Sauti ya mtu mmoja barabarani dhidi ya umati haifiki popote. Mwenye sauti kubwa ni nani, kama si mwenye mtambo wa kurushia matangazo? Hivyo hoja ya bosi kwamba kulitaja jina ni kueneza tuhuma ilikuwa imekaa kichwa chini. Tuhuma ilikwishaenea, kwa mtambo wetu. Kusafisha nako kulihitaji mtambo ule ule, saa ile ile, kwa watu wale wale. Saa 5 usiku wafugaji wamelala.

BBC walipitia kitu kinachofanana. Novemba 2012 kipindi chao cha Newsnight kilirusha habari iliyomhusisha mwanasiasa mmoja na udhalilishaji wa watoto. Hakikumtaja, lakini mitandaoni watu wakamtaja: Alistair McAlpine. Haikuwa kweli, shahidi mwenyewe alisema amemfananisha na mtu mwingine. Ni Cinna tena. Kilichonivutia ni kilichofuata. Asubuhi ya Novemba 10, mkurugenzi mkuu George Entwistle alikaa mbele ya John Humphrys, mtangazaji wa BBC hiyo hiyo, kwenye kipindi cha redio cha Today, akahojiwa kama angehojiwa waziri. Alikiri kwamba hakuwa amekitazama kipindi chenyewe kilipokwenda hewani. Usiku ule alijiuzulu, siku 54 tu tangu aingie ofisini. Sitaki kuipamba BBC, maana mwaka ule ule walikuwa wamezama kwenye aibu ya Jimmy Savile. Ila fikiria mtangazaji wako wa asubuhi akimuuliza mkurugenzi wake hewani: wewe ulijua lini? Mimi sijawahi kuisikia mkoani kwetu, wala mikoa ya jirani.

Na huyu mfasiri wetu wa Butiama? Hakuwa nje ya mtihani huu. Mwaka 1962 aliandika kijitabu, Tujisahihishe, akiwataka wana-TANU walikabili kosa bila kuogopa sura ya aliyelifanya. Mwaka 1970 serikali ililichukua gazeti la The Standard; Nyerere mwenyewe akawa mhariri mkuu, na Frene Ginwala akapewa kuliendesha, kwa ahadi kwamba gazeti litakuwa huru kukosoa. Mwaka 1971 gazeti likachapa tahariri kali dhidi ya Nimeiry wa Sudan na mauaji aliyoamuru, na Ginwala akaondolewa. Yule aliyetufundisha kujisahihisha, alipokaa kiti cha mwenye chombo, naye aliona ni rahisi kumtoa mtu kuliko kuishi na aibu ya sentensi.

Lakini huyo huyo alitoa tafsiri yake kwanza mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar, akiwa tayari rais, kisha mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imerekebishwa, hata jina la jaladani likawa lingine. Rais wa nchi alikubali ionekane wazi, madukani na mashuleni, kwamba toleo la kwanza halikutosha. Hakusema mapungufu yalijitokeza. Aliyarekebisha mahali pale pale yalipokuwa, ndani ya kitabu kile kile.

Sasa kile kiti. Mzee alikikalia siku ile mpaka tukafunga ofisi. Kesho yake akarudi. Hakupiga kelele, hakutishia mahakama. Kila aliyeingia kulipia tangazo la msiba au la kupotelewa alimsalimia, na akiulizwa anangoja nini anajibu, "Nangoja jina langu." Siku ya tatu bosi alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Dada aliyekuwa zamu ya kusimamia habari aliniita, akasema, "Andika tena. Safari hii andika kama unaandika habari."

Niliandika nani, nini, lini, wapi. Jina la mzee, la baba yake, la kijiji. Kwamba sisi, chumba cha habari cha kituo hiki, tulisema juzi ni mwizi. Kwamba si kweli. Kwamba tuliongeza kijiji bila kuuliza mtu. Kwamba tumemkosea. Ikasomwa kesho yake saa 1 asubuhi, mzee akiwa pale pale kwenye kiti, akisikiliza redio ndogo ya mapokezi.

Nilitegemea shukrani, sitaficha. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na ile ya saa saba?"

Tukaisoma na saa 7. Ndipo akavaa kofia yake akaenda stendi.

Leseni haikuguswa. Hakuna mwenye tangazo aliyeondoka. Jioni bosi akapiga simu kutoka Dar, sauti juu: "Nani kawaruhusu?" Dada wa zamu akajibu, "Mimi." Na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikagundua kwamba katika sakata lote lile, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia bosi akitumia neno "nani," na mara ya kwanza mtu wa ofisi yetu kulijibu.